Shajara ya mradi: kifaa cha bahari kwenye maji ya ziwa

Jumatatu, 2 Februari

Sanduku limefika. Lilikaa siku nne kwenye stoo ya mizigo stendi kwa sababu aliyelituma aliandika "Mwanza, ufukweni", na ufukwe wa Mwanza mtu anaweza kuutembea wiki nzima. Nimelifuata kwa bodaboda, nikalipakata kama mtoto mpaka Nyegezi.

Kwa anayeanza kusoma hapa: kituo cha kanda cha utafiti wa sayansi za bahari, chenye makao pwani, kimetuazima vifaa viwili kwa miezi mitatu. Kimoja kinapima kina, joto na chumvi. Cha pili kinapima oksijeni iliyoyeyuka majini. Sisi wa huku tumetoa boti, watu na swali. Swali lenyewe: maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu lini, na tunaweza kumwahi mwenye vizimba vya samaki kabla sato wake hawajaelea matumbo juu? Mambo mengine yaliyomo kwenye andiko la mradi yaliwekwa ili fedha zitoke.

Tuko wanne. Daktari ni mkemia, ametoka pwani. Mwalimu ni mtu wa sayansi ya jamii, yeye na madaftari yake. Kapteni ana boti na miaka mingi ziwani. Mimi ni fundi wa vifaa, na kwa kuwa nilichelewa kikao cha kwanza, nikapewa kazi ya kuandika shajara.

Kapteni alisoma nembo kwenye mfuniko wa sanduku akauliza, "Bahari? Bahari iko wapi hapa?" Nikamwambia, mzee wangu, wewe mwenyewe vijana wako unawaita mabaharia. Akacheka, akasema hilo ni jina tu, hata mwenye mtumbwi mmoja uliotoboka huku anaitwa tajiri.

Ndani ya sanduku mpira wa kuzuia maji ulikuwa na chembe nyeupe. Nilionja. Chumvi.

Jumatano, 4 Februari

Kifaa cha kina kipo mezani, kikavu kabisa, mbele yangu na kikombe cha chai. Kinasema kiko mita 1.3 juu ya uso wa maji.

Nilidhani kimekufa. Daktari akaja, akaangalia, akatabasamu kwa namna inayonikera. Kifaa hakijui kina, kinajua mgandamizo tu. Sifuri yake iliwekwa pwani, usawa wa bahari, ambako hewa inakandamiza kwa hektopaskali 1013 hivi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari na hewa ya hapa inakandamiza kwa kama 885. Hizo 128 zilizopungua ni uzito wa maji ya mita 1.3. Kifaa kimepanda mlima na hakuna aliyekiambia.

Tumekirudisha sifuri. Kazi ya dakika moja. Ila kama tungekitupa majini moja kwa moja, kila kina tungekiandika pungufu kwa zaidi ya mita moja, na mpaka kati ya maji mazuri na mabaya mara nyingine ni mwembamba kuliko hapo.

Upande wa chumvi hakina la kusema. Maji ya bahari yanapitisha umeme kama milisimensi 50 kwa sentimita, ya ziwa hili ni 0.1 hivi. Ni sawa na kupima kijiko cha sukari kwenye mzani wa magunia.

Jumatatu, 9 Februari

Leo nimeandika kurasa tano kwenye daftari na zote zinahusu ndoo.

Tulipoenda majaribio Ijumaa, kifaa cha oksijeni kilitupa namba nzuri juu ya maji, miligramu 6.6 kwa lita. Hakuna aliyeshtuka. Jioni nikiwa napitia mpangilio wake nikakuta sehemu ya chumvi imeandikwa 35. Hiyo ni chumvi ya bahari, gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo kifaa kilikuwa kinatukata bila kosa letu. Nikaweka 0. Namba ikaruka juu ya 8. Nikajisifu kwenye kundi letu la WhatsApp.

Daktari hakujibu. Asubuhi alikuja na ndoo ya maji ya ziwa na ile pampu ndogo ya akwariamu ya watoto wa jirani yake, akaiacha ipulize hewa siku nzima na usiku wake. Maji yakishapuliziwa hivyo hushiba, hayawezi kubeba zaidi. Na kiasi cha kushiba kinajulikana: kwa nyuzi 25, maji baridi usawa wa bahari hushiba kwenye miligramu 8.3 kwa lita. Kwa mwinuko wetu ni 7.2.

Kifaa kwenye ndoo: 8.3.

Yaani kosa lilikuwa mawili. La chumvi lilikuwa linashusha. La mwinuko, maana sehemu ya mwinuko nayo ilikuwa imeandikwa 0, lilikuwa linapandisha. Yakiwa pamoja yalitoa 6.7, pungufu ya ukweli kwa nusu miligramu, na hakuna ambaye angegundua. Mimi nilipoondoa moja nikabaki na kosa la miligramu nzima na ushee. Nilikuwa nimeharibu kwa kutengeneza.

Daktari alithibitisha kwa njia ya Winkler ya kupima oksijeni kwa dawa, ya mwaka 1888, ambayo haina betri wala mpangilio. Tone la manganizi, tone la iodaidi yenye alkali, chupa inageuka, asidi, kisha thiosalfeti kidogo kidogo mpaka ule wingu wa bluu wa wanga unakatika ghafla. Alirudia mara tatu. 7.2, 7.1, 7.2. Nikaingiza mwinuko, 1134. Kifaa kikasema 7.2 kama vile hakijawahi kusema jingine.

Nimefuta ujumbe wangu kwenye kundi. Mwalimu alikuwa ameshaupiga picha.

Jumamosi, 14 Februari

Mwaloni na Mwalimu, upande wa Igombe. Giza limeingia, yaani mwezi haupo, na wavuvi wa dagaa wako kazini usiku. Asubuhi kila mtu ana macho mekundu na furaha kidogo.

Mwalimu alikuja na dodoso lililotoka pwani. Kapteni akajitolea kuwa wa kwanza kuhojiwa, ili atuonyeshe njia.

Swali la 4: wakati wa bamvua unavua zaidi au kidogo kuliko wakati wa maji mafu?

"Maji mafu yapi?" akauliza Kapteni. "Yaliyokufa?"

Bamvua ni bahari inapojaa na kupwa sana, maji mafu ni inapojaa na kupwa kidogo; ziwa halijai na kupwa kwa kiasi cha mvuvi kupangia safari. Mwalimu akataka kuliruka swali, lakini mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa kwenye kichanja akadakia: kama mnauliza mambo ya mwezi, tuulizeni sisi. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa, boti zinalala, yeye hana cha kuanika na ada ya mtoto inasubiri. Siku kama kumi za kila mwezi hivyo. Kwa hiyo swali halikuwa bovu kabisa. Mwezi unatawala pwani na unatawala huku, ila kule unavuta maji, huku unaua taa. Mwalimu alilikata kwa kalamu, akaliandika upya pembeni, na nadhani hilo ndilo swali zuri kuliko yote aliyonayo.

Kuhusu maji kugeuka, kila mtu ana dalili zake. Furu wanakuja juu wanapumua kwa midomo. Sangara wanakuwa wazito, unaweza kumshika kwa mkono, na hapo wajinga wanafurahi. Makila, yaani nyavu, yaliyotegwa chini yanatoka na utelezi na harufu ya yai bovu. Mzee mmoja alisema yeye huangalia upepo: kusi ikivuma siku mbili tatu mfululizo halafu ikakata ghafla, yeye nyavu zake haziendi chini. Daktari alimwomba arudie, akaandika neno kwa neno. Upepo ukisukuma maji ya juu upande mmoja, ya chini hupanda upande wa pili. Yeye alilisoma darasani, mzee ameliona kwa hasara ya nyavu.

Jumanne, 24 Februari

Safari ndefu. Tumeondoka baada ya daku, Kapteni amefunga, mimi nina chapati mfukoni na aibu.

Tulitoka nje kabisa ya ghuba, mpaka kamba ya mita 50 ikapata kazi. Ziwa zima halivuki sana mita 80 hata mahali penye kina kirefu, ni sahani kubwa tu, kilomita za mraba kama 68,800. Kwa mwezi huu liko matabaka. Kuanzia kama Septemba mpaka Mei jua linapasha maji ya juu, yanakaa juu ya yale yenye ubaridi kidogo kama mafuta juu ya mchuzi. Tofauti ya joto ni nyuzi moja au mbili tu, mtu akioga haoni. Inatosha kuzuia hewa isishuke. Kinachooza chini kinamaliza oksijeni yote iliyoko, mpaka kusi ya Juni na Julai ije ipoze juu na kukoroga sufuria.

Tulishusha chupa ya kuchotea mita 45, nikaachia kile kizito kinachoteleza kwenye kamba kwenda kuifunga. Unasikia "tik" mkononi, mbali sana. Ilipopanda na kufunguliwa, Kapteni akageuza uso. Yai bovu.

Daktari alijaza chupa mbili ndogo za vioo, moja ya maji ya juu na moja ya chini, akatia dawa zilezile. Ya juu ikafanya wingu la rangi ya kutu, zito, likaanza kutulia chini kama majani ya chai. Ya chini wingu lake likawa jeupe. Alisubiri. Akaigeuza tena. Ikabaki nyeupe, kama tui. Manganizi hubadilika rangi ikikutana na oksijeni, na humo haikukutana na kitu.

Kifaa kwa kina hicho kilisema 0.2. Namwamini mwenye tui.

Kapteni alizishika zile chupa mbili juu ya jua, moja kila mkono, muda mrefu. "Na samaki wangu wanaishi katikati ya hivi viwili," akasema.

Alhamisi, 26 Februari

Mkutano wa mtandaoni na wenzetu wa Kisumu na Jinja. Intaneti ilikatika mara tatu, zote kwetu. Wa Kisumu wanatoka kwenye taasisi yenye "bahari" kwenye jina, makao yake Mombasa, na wamezoea kuulizwa swali la Kapteni.

Tulikuta kwamba mmoja anaandika oksijeni kwa asilimia, mwingine kwa miligramu, na sisi tumeandika saa zetu. Nilikuwa nimejaza "saa 2:40" ya asubuhi, programu ikaelewa usiku wa manane, ikatengeneza mchoro unaoonyesha jua likipasha ziwa gizani. Nitarekebisha. Safu nzima.

Mzee wa Jinja alitukumbusha kwamba utafiti wa ziwa hili uliwahi kuwa nyumba moja. Shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilianza pale Jinja mwaka 1947, na lilipokufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kila nchi ilibeba madaftari yake. Ilichukua mpaka 1994 nchi tatu kusaini mkataba wa shirika la uvuvi la pamoja. Mwaka huohuo wa 1977 Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden ndio walianza kuhesabu furu kwenye ghuba yetu hii ya Mwanza, wakawa wamewahi kwa miaka michache tu kabla sangara hajawamaliza wengi wao. Nikifikiria hilo nakosa raha: bila bahati ya wageni wachache na nyavu zao, tusingejua hata tulipoteza nini. Na waliobaki nao wana shida yao. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi, na mtafiti Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakiwa na ukungu rangi hazionekani, aina zinachanganyika. Ukungu huo unatoka na rutuba ileile inayooza chini na kula oksijeni.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Gugumaji limeziba gati, tumekaa. Nimebadilisha betri.

Alhamisi, 12 Machi

Simu saa tano usiku, mama mwenye vizimba upande wa Sengerema: "Mwanangu, samaki wangu wanabusu hewa."

Zamani tungesubiri feri mpaka asubuhi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025 ni suala la gari kuwaka, na gari la Mwalimu liliwaka mara ya pili. Tulifika kukiwa bado giza. Vibarua walikuwa ndani ya maji hadi kifuani na ndoo, wanachota. Sato wa kilo nusu, mmoja baada ya mwingine, midomo wazi. Kimya kilikuwa kibaya. Samaki wazima kwenye kizimba hupiga kelele, maji huchemka.

Tulipima pembeni ya kizimba kwa taa ya kichwani. Mita moja: 2.9. Mita tatu: 1.7. Sakafuni: 0.4. Siku tatu kabla, kwa mujibu wa daftari la mlinzi wake, kusi ilivuma mfululizo na jana alasiri ikakata. Nilimwona Daktari akiusoma ule ukurasa mara mbili.

Samaki wa ziwani hukimbia maji ya namna hii. Wa kizimbani amefungwa humo na sisi ndio tuliomfunga.

Kulipokucha mama alitukaribisha chai. Hakulia wala kulaumu. Aliuliza jambo moja: "Mngenipigia juzi, ningefanya nini?"

Mwalimu alianza kusema kitu kuhusu tahadhari za mapema. Mama akamkatiza kwa upole, baba, hiyo nimeisikia, mimi nauliza mikono yangu ingefanya nini. Daktari akajibu: ungeacha kuwalisha, maana samaki aliyeshiba anahitaji hewa nyingi zaidi kuliko mwenye njaa. Wale wa kuuzika ungewavuna siku hiyohiyo. Na vizimba vya pembeni ungevivuta kwenye maji yenye mwendo. Mama akahesabu kwa vidole, akasema hayo matatu anayaweza, ila awe na siku mbili, na asipigiwe bure. Akiacha kuwalisha mara tatu kwa uongo, ya nne hatatusikia.

Kwa hiyo tunahitaji namba ya kengele, na tumekubaliana kuanza na 3 kwenye kina cha mita tatu, tukijumlisha na upepo wa mzee wa Igombe. Hapa ndipo ile ndoo ilinirudia kichwani. Kifaa chenye mwinuko 0 kingetuonyesha 3.4 mahali penye 3, na tungelala.

Jumatatu, 30 Machi

Ujumbe wa kwanza umetumwa Alhamisi, kwa watu kumi na mmoja wenye vizimba. Upepo ulikata, kipimo cha mita tatu kilikuwa 2.8. Wanane waliacha kulisha. Siku mbili hakuna kilichotokea, ya tatu maji yakanuka kwenye hori (ghuba ndogo) moja kati ya manne. Watatu ambao hawakuacha: mmoja alipoteza samaki, wawili hawakupoteza na wanatucheka. Wana haki.

Daktari anaomba takwimu za misimu miwili iliyopita, maana kifaa hikihiki kiliwahi kuazimwa na mradi mwingine kwenye ziwa. Zimekuja, safi, kwenye jedwali. Hakuna safu ya mpangilio wa chumvi wala mwinuko. Namba zinaweza kuwa sahihi, zinaweza kuwa pungufu, zinaweza kuwa zimezidi, na kwa kuziangalia huwezi kutofautisha. Nimeomba madaftari yenyewe ya boti.

Ijumaa, 17 Aprili

Madaftari yamefika, manne, mawili yana ukungu wa dagaa. Nimekaa nayo siku tatu. Kwenye moja, pembeni ya ukurasa, kwa penseli: "sal 35??" Alama mbili za kuuliza. Mtu aliona, akajiuliza, akaendelea na kazi. Baada ya ukurasa huo namba zote za juu ya maji zinaruka kutoka sita na kitu kwenda nane na kitu, kama zangu. Aliondoa kosa moja, kama mimi, ila hakuwa na ndoo.

Basi daftari hilo linarekebishika, kabla na baada, siku kwa siku. Mengine matatu Daktari ameyaweka kwenye bahasha, akaandika juu yake "yasitumike", akaifunga kwa gundi.

Jumanne, 28 Aprili

Tunafungasha. Tumeviosha vifaa kwa maji ya bomba, tumevipaka grisi, mpira wa mfuniko nimeufuta mpaka hauna ladha. Kuanzia Mei tutatumia kifaa cha kuazima kutoka chuoni, cha zamani, ambacho angalau kimeishi huku maisha yake yote.

Nilikuwa nimeshafunga sanduku Kapteni akauliza, "Umekirudisha?"

Nikamwambia kinarudi, si hiki hapa, basi la saa kumi na mbili.

"Si sanduku. Kile kichumvi."

Nimelifungua tena. Chumvi ilikuwa 0, mwinuko 1134, na kesho kutwa kifaa kinashushwa kwenye mkondo wa bahari. Nimebandika utepe mweupe juu ya kioo chake, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: KIMETOKA ZIWANI. WEKA CHUMVI 35, MWINUKO 0, KISHA PIMA NDOO. Kapteni akasoma kwa sauti, akaniambia niongeze "tafadhali", kule ni watu wa pwani.